Bei ya Mkongwe: Aasif Karim na Kiti cha Mwisho Kikosini

Kila msimu wa usajili ukikaribia, barazani Mtongwe huzuka ubishi ule ule. Timu imeyumba mwaka mzima, na yupo mchezaji aliyewahi kuvuma. Ujana umeanza kumtupa mkono, lakini jina lake bado lina uzito. Arudishwe? Akirudishwa, alipwe kama alivyokuwa akilipwa enzi zake, au alipwe kwa kile kilichobaki miguuni? Wanaomtaka husema jungu kuu halikosi ukoko. Wasiomtaka hujibu kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Adhana ya magharibi huwakuta wangali pale pale.

Wamarekani hubishana vivyo hivyo kuhusu besiboli, tena wao hubishana kwa mamilioni ya dola. Katika mchezo huo mrushaji ndiye anayeanzisha kila kitu: humtupia mpira mpinzani mwenye rungu, kwa kasi au kwa hila, na mpinzani hujaribu kuupiga. Kazi hiyo hula bega na kiwiko, ndiyo maana umri wa mrushaji huangaliwa sana. Mwishoni mwa 1988 timu ya Houston ilitaka kumpunguzia mshahara mrushaji wake Nolan Ryan, aliyekuwa na miaka 41. Ryan akakataa, akahamia kwa majirani zao katika jimbo lilo hilo, Texas Rangers. Mwaka 1990, na tena 1991 akiwa na miaka 44, alimaliza mechi nzima bila mpinzani hata mmoja kumpiga mpira wa maana. Alistaafu 1993 akiwa na miaka 46, na Houston ikabaki kujuta.

Upande wa pili kuna Roger Clemens. Mwaka 2007 New York Yankees walimrudisha akiwa na miaka 44, kwa mkataba ambao ungekuwa dola milioni 28 kama angecheza msimu mzima. Kwa kuwa alianza msimu ukiwa umeshasonga, alipata zaidi ya milioni 17. Alishinda mechi 6, akapoteza 6, na katika hatua ya mtoano alitoka uwanjani mapema akiwa ameumia paja. Mmoja alikataliwa kwa sababu ya umri akang'aa, mwingine alilipwa kwa sababu ya jina akafifia. Umri peke yake, basi, hauamui kitu. Inabidi kutazama kwa karibu kile ambacho timu ilikosa siku ilipomwita mkongwe, na alichoiachia alipoondoka. Kwa hilo tunao mfano wetu wenyewe, na mwenye mfano ni mzaliwa wa Mombasa.

Mtongwe inatazamana na kisiwa cha Mombasa ng'ambo ya maji ya Kilindini. Huku kuna kambi ya Jeshi la Wanamaji, kule zinaonekana winchi za bandari. Mtu wa Mtongwe anayetaka kutazama kriketi hana budi kupanda feri, avuke, aende hadi Mombasa Sports Club kwenye barabara ya Mnazi Mmoja. Upande wa Likoni watoto wanacheza soka, na jambo hilo lina historia yake. Kriketi ililetwa na maofisa wa Kiingereza pamoja na jamii za Kihindi, na ilipata nguvu baada ya ujenzi wa reli ya Uganda kuanza kutoka Mombasa mwaka 1896. Ilijengewa makao ndani ya vilabu, na vilabu vya enzi za ukoloni vilikuwa vya rangi na jamii. Soka ilitaka uwanja wa vumbi na mpira wa makaratasi. Kriketi ilitaka nyasi zilizokatwa, vifaa vya bei, na mtu wa kukufungulia lango.

Hata baada ya uhuru, mchezo uliendelea kutegemea familia chache. Nairobi ilitoa ndugu wa ukoo wa Tikolo, wa Odumbe, wa Suji na wa Obuya. Mombasa ilitoa wachezaji wake kupitia vilabu vya kisiwani. Wachezaji walipokuwa wachache namna hiyo, aliyestaafu hakuacha foleni ya wanaosubiri nafasi yake. Aliacha pengo, na wateuzi wakawa hawana pa kugeukia isipokuwa kwake tena.

Aasif Karim alizaliwa Mombasa tarehe 15 Desemba 1963, katika nyumba ya wanamichezo. Baba yake, Yusuf Karim, alicheza kriketi na tenisi, na mwana akafuata njia zote mbili. Aliichezea Kenya tenisi katika mashindano ya Davis Cup kabla dunia haijamjua kwa kriketi. Katika kriketi alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto, wa mwendo wa polepole. Mrushaji wa namna hii hategemei kasi. Huuzungusha mpira kwa vidole, ukagusa ardhi mbele ya mpigaji na kubadili njia kidogo. Silaha zake ni mahali anapouangusha, urefu wa safari yake hewani, na subira ya kumngoja mpigaji achoke kungoja.

Nafasi ya kucheza Kombe la Dunia ilipofika, Karim alikuwa tayari mtu mzima wa miaka 32. Mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya siku moja ilikuwa dhidi ya India mjini Cuttack, tarehe 18 Februari 1996. Siku hiyo hiyo alianza pia kijana wa Nairobi aliyeitwa Steve Tikolo, akafunga mikimbio 65, ambayo ndiyo pointi za kriketi. Siku 11 baadaye, tarehe 29 Februari mjini Pune, Kenya ilitolewa kwa mikimbio 166 tu, kisha ikawatoa West Indies kwa 93. Ulimwengu wa kriketi ukauliza Kenya iko wapi kwenye ramani.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanda. Mwaka 1997 jijini Nairobi Karim aliangusha wiketi 5 za Bangladesh, yaani aliwatoa wapigaji watano, kwa mikimbio 33, kiwango ambacho hakukivuka tena. Alikabidhiwa unahodha, na Mei 1998 timu yake iliishinda India mjini Gwalior kwa mikimbio 69. Kombe la Dunia la 1999 nchini Uingereza likawa baridi: Kenya ilicheza mechi tano ikafungwa zote. Karim, akiwa amekaribia miaka 36, akaaga timu ya taifa. Hakuna aliyeona ajabu. Alikuwa amefanya sehemu yake.

Kombe la 2003 lilipokaribia, Kenya ilikuwa mwenyeji mdogo pembeni ya Afrika Kusini na Zimbabwe. Kocha alikuwa Sandeep Patil, aliyekuwa katika kikosi cha India kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 1983. Nahodha alikuwa Tikolo. Kikosi kilikuwa na viti 15, na wateuzi wakampa kimoja Karim, mtu wa miaka 39 aliyekuwa ameshastaafu.

Timu kama Yankees hulipa kwa dola, na dola zikipotea hutafutwa nyingine. Kriketi ya Kenya haikuwa na dola za kumwaga. Sarafu yake ilikuwa nafasi: viti 15 vya ndege, viti 11 uwanjani. Kila kiti alichokalia mtu wa miaka 39 kilikuwa kiti ambacho kijana wa miaka 20 hakukikalia, tena katika mashindano yanayokuja mara moja kwa miaka minne. Huo ndio uliokuwa mshahara wa Karim, na mtu angeweza kabisa kusema ulikuwa mkubwa mno.

Wateuzi walikuwa na hoja pia. Warushaji wa kasi wa Kenya, akina Thomas Odoyo, Martin Suji na Peter Ongondo, walikuwa hodari, lakini mpigaji wa daraja la kwanza duniani amezoea kasi kuliko yao. Katika mpira wa kuzungusha, tumaini lilikuwa Collins Obuya, kijana wa miaka 21 mwenye kipaji cha ajabu cha kuzungusha kwa kifundo cha mkono wa kulia. Mrushaji wa namna hiyo huweza kushinda mechi peke yake, na huweza pia kuchapwa siku nzima, kwa sababu mpira wake ni mgumu kuudhibiti. Karibu yake alitakiwa mtu wa kuziba upande wa pili, asiyetoa mikimbio ya bure. Goti la mrushaji wa kasi huisha na umri, lakini vidole na jicho la mzungushaji hudumu. Walichokitafuta kwa Karim kilikuwa kazi moja inayojulikana, ya wiki sita.

Mashindano yalianza vibaya. Tarehe 12 Februari mjini Potchefstroom Afrika Kusini iliishinda Kenya bila kupoteza wiketi hata moja. Siku tatu baadaye Kenya ikaifunga Canada mjini Cape Town. Kisha likaja jambo lililoanzia huku kwetu Pwani. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise huko Kikambala ilikuwa imelipuliwa, na siku hiyo hiyo ndege ya Waisraeli ikarushiwa makombora ilipokuwa ikipaa kutoka uwanja wa Moi, upande wa Changamwe. Ndege ilinusurika, lakini New Zealand, iliyopangiwa kucheza Nairobi Februari 2003, ikakataa kuja kwa sababu za usalama. Kenya ikapewa pointi bila kurusha mpira.

Wapo wanaosema mpaka leo kwamba ule ulikuwa ushindi wa bahati. Siku tatu baada ya mechi hiyo isiyochezwa, tarehe 24 Februari, Sri Lanka walikuja Nairobi, nao walikuwa mabingwa wa dunia wa 1996. Kenya ilifunga 210. Collins Obuya akaangusha wiketi 5 kwa mikimbio 24, na Sri Lanka wakaishia 157. Tarehe 1 Machi Bangladesh wakafungwa mjini Johannesburg, Maurice Odumbe akitamba kwa rungu na kwa mpira. West Indies waliishinda Kenya kwa urahisi mjini Kimberley, lakini mlango wa timu sita bora ulikuwa umeshafunguka. Katika hatua hiyo Kenya ilifungwa na India, kisha tarehe 12 Machi mjini Bloemfontein Kenya ikaitoa Zimbabwe kwa wiketi 7. Nchi isiyokuwa hata na hadhi ya kucheza mechi za siku tano, zile za daraja la juu kabisa, ikawa na uhakika wa nusu fainali.

Zilibaki siku tatu kabla ya mechi na Australia mjini Durban, tarehe 15 Machi. Australia walikuwa mabingwa watetezi, hawajafungwa katika mashindano hayo, na wangeendelea hivyo hadi kubeba kombe. Mrushaji wao Brett Lee aliwatoa Wakenya watatu kwa mipira mitatu mfululizo, na ubao ukasomeka mikimbio 3 kwa wiketi 3. Ravindu Shah na Tikolo wakaikwamua timu, Hitesh Modi akamalizia, na Kenya ikafika 174 kwa wiketi 8. Ilikuwa heshima, lakini haikutosha kumtisha Adam Gilchrist. Alianza kuwachapa warushaji wa kasi mmoja baada ya mwingine, akafunga 67 kwa mipira 43. Australia walihitaji 175, na ilionekana wangefika kabla watazamaji hawajatulia vitini.

Tikolo akampa mpira Karim.

Ova moja ya kriketi ni mipira sita. Karim hakukimbia kutoka mbali. Alipiga hatua chache, mkono wa kushoto ukapanda, mpira ukaenda polepole kiasi cha mpigaji kuuona vizuri, na hapo ndipo mtego ulipokuwa. Aliyezoea kupiga mpira unaokuja kwa kasi hutumia kasi ile ile kuurudisha. Ule wa Karim ulifika hauna kasi ya kukopa. Mpigaji alipaswa kutoa nguvu zake mwenyewe, na mpira ulikuwa umeangushwa mahali ambapo nguvu hizo hazina njia.

Ricky Ponting, nahodha wa Australia na mmoja wa wapigaji bora wa kizazi chake, alikosa mpira ukamgonga mguu mbele ya vijiti, na mwamuzi akanyanyua kidole. Darren Lehmann aliugusa kidogo tu, ukadakwa nyuma yake. Brad Hogg aliurudisha kwa Karim mwenyewe, naye akaudaka kabla Hogg hajafunga hata mkimbio mmoja. Ubao ukasema 117 kwa wiketi 5, na watu waliokuwa wakielekea majumbani wakageuka kutazama. Andrew Symonds na Ian Harvey walishirikiana wakamaliza kazi, Australia wakafika 178 katika ova 31 na mipira miwili. Lakini kwa saa moja hivi mabingwa wa dunia walikuwa wakipiga mipira kwa woga.

Hesabu ya Karim ilikuwa ova 8 na mipira miwili, yaani mipira 50. Katika hiyo alitoa mikimbio 7, akaangusha wiketi 3. Ova 6 kati ya zile 8, mipira 36, hazikutoa mkimbio hata mmoja. Australia walishinda mechi, lakini tuzo ya mchezaji bora ilivuka ikaenda kwa timu iliyofungwa, kwa mtu ambaye miezi michache nyuma hakuwa mchezaji tena.

Tarehe 20 Machi, pale pale Durban, India ilifunga 270 kwa wiketi 4, Sourav Ganguly peke yake akiwa na 111. Kenya ikaishia 179. Ilikuwa nusu fainali ya kwanza kwa nchi isiyocheza mechi za siku tano, na ilikuwa mechi ya mwisho ya Karim. Alimaliza na mechi 34 za kimataifa na wiketi 27, akaondoka mara ya pili, na safari hii hakurudi.

Ukiipima biashara ile kwa mizani yoyote, Kenya ilipata faida. Ilitoa kiti kimoja kwa wiki sita, ikalipwa kwa ova nane ambazo watu wa kriketi wanazisimulia hadi leo. Zaidi ya hapo, mkongwe hakumzibia kijana njia. Collins Obuya alicheza, akashinda mechi kubwa kuliko zote, na Karim alikuwepo upande wa pili kama mtu wa kutegemewa. Wateuzi walijua wanachokinunua, na siku ya kukiacha ilipofika walikiacha.

Kosa lilifuata baadaye, na halikuwa la Karim. Baada ya Machi 2003 Kenya ilikuwa na jina, ilikuwa na kijana wa miaka 21 aliyewatoa mabingwa wa zamani, na ilikuwa na kielelezo cha mzee wa Mombasa aliyeonyesha jinsi kazi inavyofanywa. Jambo la kufanya lilikuwa wazi: kuwatafuta akina Obuya wengine na kuwakutanisha na akina Karim. Badala yake mchezo uliingia katika ugomvi. Agosti 2004 Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa uhusiano na mcheza kamari. Mwishoni mwa mwaka huo wachezaji wakongwe walisusa kwa sababu ya malipo, na chama kilichosimamia mchezo kikasambaratika hadi kikaundwa kingine, Cricket Kenya, mwaka 2005. Baada ya Septemba 2004 Kenya haikucheza mechi hata moja ya kimataifa ya siku moja hadi Februari 2006.

Obuya alikuwa amekwenda Uingereza mwaka 2003 kuichezea Warwickshire, akaumia goti, na alipopona mzunguko wa mpira wake haukurudi kama zamani. Hakuvunjika moyo. Alijifundisha upya akawa mpigaji, na tarehe 13 Machi 2011 mjini Bangalore alifunga 98 dhidi ya Australia bila kutolewa. Ni ushujaa, lakini ni ushujaa wa mtu aliyepoteza kipaji chake cha kwanza bila mwalimu wa karibu wa kumsaidia kukirudisha.

Mombasa haikukosa mechi. Uwanja wa Mombasa Sports Club ulipokea timu za nje mwaka 2006 na 2007, na Februari 2012 Ireland walikuja kucheza hapo. Wageni walikuja, wakacheza, wakaondoka, na ng'ambo ya maji, Likoni, Mtongwe na Shelly Beach, watoto waliendelea na soka kama kawaida. Feri ilivusha maelfu ya watu kila siku, lakini mchezo wenyewe haukuvuka.

Matokeo yakaonekana. Kombe la Dunia la 2011 Kenya ilifungwa mechi zote sita. Katika ya kwanza, mjini Chennai, New Zealand iliitoa kwa mikimbio 69. Tikolo, mwenye miaka 39, umri ule ule wa Karim kule Durban, alistaafu mwisho wa mashindano hayo, na wachezaji wakampangia mistari miwili ya heshima mjini Kolkata. Mwaka 2013 akaitwa tena, akiwa na miaka 42.

Tikolo alikuwa mchezaji mkubwa kuliko Karim. Kwa wengi ndiye mpigaji bora kuwahi kutoka Kenya. Lakini kuitwa kwake kulikuwa na maana tofauti. Karim aliitwa kuziba pembe moja ya timu iliyokwisha kusimama. Tikolo aliitwa kwa sababu timu yenyewe haikusimama, na hakuna aliyekuwa ameandaliwa kushika nafasi aliyoiacha miaka miwili nyuma. Katika kriketi ya Kenya ya kipindi hicho alikuwamo Irfan Karim, mwana wa Aasif. Tikolo alikuwa amecheza na baba, sasa anacheza na mwana. Tarehe 30 Januari 2014, katika mashindano ya kufuzu nchini New Zealand, Kenya ilifungwa na Scotland, ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja iliyokuwa nayo tangu 1996. Tikolo alikuwa uwanjani siku mlango ulipofunguliwa, na alikuwa uwanjani siku ulipofungwa.

Soka yetu ina visa vyake vya namna hii. Januari 2019 klabu ya Gor Mahia ilimsajili mshambuliaji Dennis Oliech, karibu na umri wa miaka 34, baada ya miaka yake ya Ufaransa. Alifunga bao katika ushindi wa 4-2 dhidi ya Zamalek na uwanja ukatetemeka. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, na haukufika mwisho wake. Bao lile halina mtu wa kulidharau. Swali ni kama timu iliyolipia jina la miaka miwili ilihitaji kitu cha miezi miwili.

Tukiziweka hesabu hizi pamoja, bei ya mkongwe ina sehemu mbili. Ya kwanza ni pesa, na pesa zina kikomo kinachoonekana kwenye karatasi. Hata timu ikimlipa kupita kiasi, hasara hiyo huisha siku mkataba unapoisha. Sehemu ya pili ni nafasi na muda, na hiyo haiandikwi popote. Timu inayomwita mzee kufanya kazi fulani kwa muda fulani, huku vijana wakicheza karibu naye, hata ikimlipa zaidi ya thamani yake ya sokoni huenda ikawa imenunua rahisi. Timu inayomwita ili isilazimike kulea vijana inalipa ghali hata kama mzee atacheza bure, kwa sababu mwaka ujao itabidi imwite tena, naye atakuwa amezidi mwaka mmoja.

Mwaka 2003 Kenya ilijua kulipa vizuri. Ilichoshindwa ni kuwekeza faida. Collins Obuya aliendelea kuichezea nchi yake hadi Machi 2024, alipotangaza kustaafu baada ya Michezo ya Afrika mjini Accra, akiwa na miaka 42. Kijana aliyecheza kandokando ya mkongwe wa miaka 39 aliondoka akiwa mkongwe kuliko yule, na miaka yote 21 iliyopita katikati Kenya haikupata mzungushaji mwingine wa kuwaangusha Sri Lanka wala wa kuwanyamazisha Australia. Deni hilo halikuletwa na mshahara wa mzee yeyote.